Mkono Juu ya Paji la Uso: Historia Fupi ya Kumwuguza Mtoto Mwenye Homa Nyumbani, Kariakoo

Utangulizi

Katika Injili ya Yohana, sura ya nne, tunakutana na diwani mmoja ambaye mwanawe alikuwa hawezi kwa homa huko Kapernaumu. Baba alisafiri mpaka Kana kumtafuta Yesu. Wahubiri wengi huitazama imani ya baba huyo, nao hufanya vema. Lakini mna jambo dogo katika habari ile ambalo aghalabu hupitwa. Baba alipokuwa njiani, walikuwako watu waliobaki nyumbani na mtoto. Diwani alipowauliza watumwa wake ni saa ngapi mtoto alianza kupata nafuu, waliweza kumtajia siku na saa. Mtu hawezi kuitaja saa ambayo homa iliondoka kama hakukaa karibu na kitanda, akaugusa mwili wa mgonjwa mara kwa mara, na kuyaweka moyoni aliyoyaona.

Makala haya yanahusu watu wa namna hiyo, hasa wale walioishi katika nyumba za Kariakoo, Dar es Salaam. Historia ya homa katika nchi yetu imeandikwa zaidi kwa kufuata majina ya madaktari, dawa na mbu. Hayo yote yana mahali pake, nasi tutayataja. Hata hivyo, tangu enzi ya Wajerumani hadi leo, hakuna dawa wala amri ya serikali iliyomfikia mtoto mdogo pasipo kupita mikononi mwa mama, bibi au jirani aliyekesha naye. Hoja yetu ni kwamba mamlaka zilipomsahau mtu huyo, kazi yao ilipungukiwa. Na zilipomfundisha na kumsikiliza, watoto walipona. Kanisa nalo, ambalo mara nyingi huitwa nyumbani usiku mtoto anapozidiwa, halina budi kujiuliza limesimama upande gani katika historia hiyo.

1. Nyumba ya Kariakoo

Jina la Kariakoo lilitokana na vita. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na mahali hapo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Kikosi cha Wachukuzi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kinywa cha Mswahili kililitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Waafrika wengi walikufa katika kazi ile ya upagazi, na homa na kuhara viliwaua wengi kuliko risasi. Kwa hiyo yafaa tukumbuke kwamba mtaa wenyewe umebeba jina la watu waliougua mbali na kwao, pasipo mama wala dada wa kuwapa maji.

Baada ya vita mji uligawanywa katika kanda tatu za ujenzi. Kanda ya kwanza ilikuwa ya Wazungu, ya pili ikawa ya biashara na makazi ya Wahindi, na ya tatu ya Waafrika. Kariakoo ilikuwa kitovu cha kanda ya tatu. Kati yake na Uhindini uliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa ni afya: ugonjwa wa Waafrika usivuke kwenda kwa wengine.

Nyumba iliyojengwa katika viwanja hivyo ilikuwa ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia. Mara nyingi familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mpogoro waliweza kuwa chini ya paa moja, Mwislamu na Mkristo wakitumia uani mmoja.

Mtoto alipopata homa katika nyumba kama hiyo, habari haikukaa chumbani. Kilio chake kilisikika ukutani. Mama aliweka kiganja juu ya paji la uso, kisha shingoni na tumboni. Akamwita mwenye nyumba au mwanamke mtu mzima wa chumba cha pili naye aguse. Hicho ndicho kilikuwa kipimajoto cha Kariakoo kwa miaka mingi, na mpaka sasa ndicho kinachotangulia vipimo vingine vyote. Baada ya kugusa yalifuata mashauri. Mmoja alisema ni meno yanaota, mwingine akasema ni mafua, wa tatu akasema mtoto amekaa juani mno. Yalichemshwa majani ya mwarobaini, mti ambao jina lake lasema kwamba huponya maradhi arobaini. Palitafutwa kitambaa chenye maji, uji mwepesi, au hirizi. Wazazi Waislamu waliweza kwenda kwa mwalimu wa chuo kumwombea mtoto kombe. Wazazi Wakristo walimwita mzee wa kanisa.

Tusiyadharau mashauri hayo. Ndani yake mlikuwa na mambo mema na mabaya pamoja. Jema kubwa lilikuwa kwamba mama hakuachwa peke yake. Baya lilikuwa kwamba mashauri mengi huchukua muda mrefu, na mtoto mdogo hana muda huo.

2. Homa machoni pa serikali ya kikoloni

Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam akitokea India, akakaa mpaka mwaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa mengine. Katika mwaka huohuo wa 1897 Mwingereza Ronald Ross alikuwa amegundua, huko India, vimelea vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Koch aliendelea na utafiti wake katika visiwa vya Indonesia na New Guinea, akathibitisha jambo lililobadilisha fikra za wakati wake: mahali palipo na malaria nyingi, wenye vimelea vingi ni watoto wadogo, na watu wazima wamekwisha kupata kinga kwa kuugua mara nyingi.

Kutokana na fikra hiyo, mwaka 1901 daktari wa jeshi aliyeitwa Ollwig aliletwa Dar es Salaam kuijaribu njia ya Koch. Damu za wakazi zilipimwa kwa darubini, mtaa kwa mtaa, na walioonekana kuwa na vimelea walipewa kwinini. Kazi hiyo ilikuwa ya bidii kubwa, wala hatuwezi kuibeza. Lakini yatupasa tuulize ilimwona mtoto kuwa nani. Mtoto Mwafrika alitazamwa kama ghala la vimelea, mahali ambapo mbu huchukua ugonjwa na kumpelekea Mzungu. Homa yake mwenyewe, na usiku wa mama yake, haikuwa shabaha ya kazi. Tena kwinini ni chungu sana. Aliyeachiwa taabu ya kumshika mtoto na kummezesha uchungu huo alikuwa mama, ambaye hakuelezwa mengi.

Hospitali nazo zilifuata mgawanyo wa mji. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Hospitali hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili. Kwa vizazi viwili, basi, mama wa Kariakoo aliyeona homa haishuki alikuwa na mahali pamoja pa serikali pa kukimbilia, penye msongamano. Ilikuwa ni busara kwake kujaribu kwanza la nyumbani.

Kuna habari nyingine ambayo wanafunzi wetu wa theologia wangefaa kuijua, kwa maana yagusa maadili. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa malaria mjini Kampala. Wataalamu waligawanyika. Baadhi yao, akiwamo D. Bagster Wilson aliyefanya kazi yake Tanganyika, waliogopa kwamba kuiondoa malaria mahali ilipozoeleka kungewanyima Waafrika kinga yao, na baadaye ugonjwa ungerudi kwa ukali. Wengine, akiwamo George Macdonald, walijibu kwamba kinga hiyo hununuliwa kwa vifo vya watoto wengi, na kwamba haifai kusubiri. Wale wa kwanza hawakuwa watu wakatili, na hofu yao ilikuwa na msingi wa kitaalamu. Lakini mzazi anayemtazama mwanawe akitetemeka hawezi kukubali kwamba homa ile iachwe kwa faida ya kizazi chote. Kwake mtoto ni huyu mmoja. Hapo ndipo hesabu ya mtaalamu na moyo wa nyumba vinapokutana na kupishana, na mchungaji husimama katikati yake mara nyingi zaidi kuliko anavyodhani.

3. Degedege

Hakuna neno linalotisha nyumba ya pwani usiku kama degedege. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa ghafula, macho yakageuka, mikono na miguu ikatikisika, povu likatoka. Wazee wa pwani waliuita ugonjwa huo pia nyuni, na majina yote mawili yanatokana na ndege. Iliaminika kwamba ndege, au pepo mwenye umbo la ndege, amepita juu ya mtoto.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1996, walieleza kwa undani namna wazazi walivyoufikiri ugonjwa huu. Homa ya kawaida ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa hospitali. Degedege ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa mganga. Mtoto alifukizwa kwa moshi wa mavi ya tembo, au akapakwa mkojo, au akapewa dawa za mizizi. Tena wengi walishika kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Mara nyingi imani hiyo imehubiriwa kuwa ni ujinga au upagani. Mwanahistoria hana budi kuuliza ilitoka wapi. Leo twajua kwamba degedege inaweza kuwa dalili ya malaria iliyopanda kichwani, au ya homa ya uti wa mgongo, au inaweza kuwa mtukutiko wa homa kali tu ambao hupita wenyewe. Mtoto wa aina ya mwisho alipona hata kwa mganga, na mganga akapata sifa. Mtoto wa aina ya kwanza alifikishwa hospitali akiwa amechelewa, akachomwa sindano ya kwinini, akafa saa chache baadaye. Waliokuwapo waliona sindano, kisha wakaona kifo. Walifikiri kwa akili timamu juu ya yale waliyoyaona. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza yale wasiyoweza kuyaona. Na aliyechelewesha, mara nyingi, hakuwa mama. Vinay Kamat, aliyefanya utafiti wa kijamii katika viunga vya Dar es Salaam, aliandika mwaka 2006 juu ya akina mama waliodhani mwanzoni kwamba ni homa ya kawaida tu, na ambao safari yao ya kutafuta tiba ilitegemea pia fedha, nauli na maneno ya watu wengine wa nyumbani.

4. Miaka ya klorokwini

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, nayo ilienea Afrika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa mara ya kwanza dawa ya malaria ilikuwa ya bei nafuu, ya vidonge, na yenye nguvu. Baada ya Uhuru ikawa dawa ya kila nyumba. Ilipatikana zahanati, ikapatikana dukani karibu na sukari na viberiti, na mabaki yake yalihifadhiwa kabatini kwa ajili ya siku nyingine.

Hapo uuguzi wa nyumbani ulibadilika. Mama alivunja kidonge, akakisaga kwa kijiko, akakichanganya na sukari ili kupunguza uchungu. Homa ilishuka siku ile ile au kesho yake, kwa maana klorokwini yenyewe hupooza homa hata kabla ya kumaliza vimelea. Basi wengi waliacha dawa homa iliposhuka, na nusu ya dozi ikabaki kwenye karatasi. Kosa hilo lilitokana na kitu kilichokuwa chema: dawa ilimridhisha mama upesi mno.

Serikali ilitambua kwamba elimu lazima ifike nyumbani. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Vikundi vya watu wazima vilikaa pamoja kusikiliza, kusoma na kujadiliana, kisha wakatoka kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Kampeni hiyo ni mfano bora wa serikali kuzungumza na muuguzi wa kwanza badala ya kumpita, na yafaa isomwe na kila anayefundisha Elimu ya Kikristo.

Katika miaka iliyofuata hali ya uchumi ilikuwa ngumu. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya kutafuta faida, na zahanati za umma mara nyingi zilikosa dawa. Tiba binafsi iliruhusiwa tena mwaka 1991, na uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ukaanza mwaka 1993, ingawa watoto chini ya miaka mitano walisamehewa. Kariakoo, ambayo soko lake jipya lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, ikawa pia soko la dawa. Kuzunguka mitaa yake palizuka maduka ya dawa mengi, makubwa na madogo. Mzazi aliweza kwenda dukani, akaeleza homa ya mtoto kwa maneno mawili, akarudi na vidonge katika bahasha ndogo. Urahisi huo uliokoa wengi, ukawapoteza wengine, kwa kuwa muuza duka hakumwona mtoto.

5. Dawa zilipobadilika

Tangu mwisho wa miaka ya 1970 zilianza kuonekana dalili katika Afrika Mashariki kwamba klorokwini inashindwa. Katika miaka ya 1990 mama wa Kariakoo alikuwa ameshaligundua jambo hilo: homa ilishuka, ikarudi baada ya wiki. Mwezi Agosti 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini na kuweka dawa ya SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar.

Badiliko hilo lilikuwa la lazima, lakini lilipokelewa kwa mashaka. SP haishushi homa yenyewe kama klorokwini ilivyofanya. Mama aliyemzoesha mkono wake kupima dawa kwa kuona mwili unapoa, sasa alimpa mtoto dozi moja, na usiku ule mwili ukaendelea kuchemka. Aliona dawa haifanyi kazi. Aidha, habari za watu waliobabuka ngozi kwa dawa hiyo zilienea, ingawa madhara hayo ni ya nadra. Hapa tena mamlaka zilitoa dawa nzuri kwa wakati wake, lakini maneno ya kumweleza mwenye kuitoa nyumbani yalichelewa. Laiti angeambiwa mapema kwamba SP yapasa kuambatana na dawa ya kushusha homa, hofu nyingi zingepungua.

SP nayo haikudumu. Uamuzi wa kuingia katika dawa ya mseto ulifanywa mwaka 2004, na mwishoni mwa 2006 mseto ulianza kusambazwa. Asili ya sehemu yake moja ni mmea wa Kichina uliotumika kwa homa kwa karne nyingi, ambao dawa yake ilipatikana katika miaka ya 1970 kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake. Naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mseto hutolewa kwa dozi sita katika siku tatu, kwa kufuata uzito wa mtoto, dozi ya pili ikifuata saa nane baada ya ile ya kwanza, na yafaa itolewe pamoja na maziwa au chakula. Tazama basi jinsi kazi ilivyorudi nyumbani! Mganga wa zahanati huona dozi ya kwanza tu. Tano zilizosalia zimo mikononi mwa mtu anayejua kuhesabu saa usiku. Watumwa wa diwani wa Kapernaumu wangeielewa kazi hiyo.

6. Homa si malaria peke yake

Kwa miaka mingi Tanzania nzima ilizoea kuiita kila homa malaria. Hata wauguzi walifundishwa hivyo, kwa kuwa kipimo hakikuwapo kila mahali na kuchelewa kulikuwa hatari. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vya tone la damu vikaenea.

Utafiti ulioongozwa na Valérie D'Acremont, uliochapishwa mwaka 2014, ulichunguza watoto 1005 wenye homa waliofika vituoni Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008. Kati ya kila watoto 100, wapatao 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kama 10 tu walikuwa na malaria. Wengine walikuwa na maradhi ya tumbo, maambukizi ya njia ya mkojo, au homa ya matumbo, na wengine walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Maambukizi mengi yalikuwa ya virusi, ambayo hayahitaji dawa ya malaria wala antibiotiki.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa Kariakoo, ambako nyumba nyingi za Kiswahili zimekwisha kubomolewa na maghorofa kusimama mahali pake. Mbu wa malaria si wengi katikati ya mji kama zamani. Badala yake kuna mbu aumaye mchana, azaliwaye katika makopo, matairi na matangi ya maji, aletaye homa ya kidingapopo, yaani dengi. Dar es Salaam ilipigwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ugonjwa huu si mgeni wa jana: daktari James Christie aliandika habari za homa iliyoenea Unguja mwaka 1870 ambayo Waswahili waliiita kidinga pepo, na wataalamu kadhaa wameona kwamba jina la dengi linalotumika duniani lilitokana na neno hilo letu.

Yapo pia ya kumshukuru Mungu. Kwa hesabu za taifa, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila watoto 1000 waliozaliwa hai, katika uchunguzi wa mwaka 2004–05, mpaka 43 katika uchunguzi wa mwaka 2022. Vyandarua, chanjo, vipimo na dawa vimechangia. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichohitaji mtu wa nyumbani: wa kuchomeka chandarua, wa kukumbuka tarehe ya kliniki, wa kumaliza dozi.

7. Historia hii yatufundisha nini

Kwanza, tuwafundishe walio nyumbani yale machache yaliyo ya hakika. Mtoto mwenye homa apunguziwe nguo, anyonyeshwe au anyweshwe mara kwa mara, apewe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe aspirini. Asitumbukizwe katika maji ya baridi. Akipatwa na degedege alazwe kwa ubavu mahali salama, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, na apelekwe hospitali mara moja. Wala sindano isiogopwe. Mtoto aliye chini ya miezi miwili apelekwe pasipo kusubiri, hata homa ikiwa ndogo. Wengine wapelekwe kupimwa ndani ya siku moja. Na mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea na haamki vizuri, anayepumua kwa kasi au kwa kuvuta mbavu ndani, au aliyekaza shingo, huyo haangaliwi tena nyumbani.

Pili, mchungaji aitwapo usiku, asiwe sababu ya kuchelewa. Tuseme wazi: wako watoto waliokufa huku watu wakikesha kwa maombi ilhali gari lingeweza kupatikana. Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1527 juu ya tauni, alifundisha kwamba dawa ni kipawa cha Mungu na kwamba kuidharau kwa kisingizio cha imani ni kumjaribu Mungu. Tena hakuwa mtu asiyejua uchungu. Binti yake Elisabeth alifariki mwaka 1528 akiwa mchanga, na binti yake Magdalena alifariki mwaka 1542 mikononi mwa baba yake, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Sala ya mchungaji inaweza kusemwa kwa dakika mbili mlangoni, na nyingine katika gari. Iliyo ndefu isaliwe kwenye benchi la hospitali, pamoja na mama.

Tatu, baba arudishwe katika kazi hii. Katika maandiko yake ya mwaka 1522 kuhusu ndoa, Luther alimsifu baba anayefua nepi za mtoto kwa imani, ingawa majirani humcheka. Mara nyingi mama wa Kariakoo ameijua hatari kabla ya wote, lakini nauli ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyelala au asiyekuwapo. Katika mafundisho ya ndoa na ya ubatizo, yafaa tuwaulize wazazi wote wawili: homa ikija saa nane usiku, nani atashika mtoto, nani atatafuta gari, na fedha iko wapi?

Hitimisho

Katika Katekisimo Ndogo, akieleza ombi la mkate wa kila siku, Luther alihesabu afya na majirani waaminifu miongoni mwa vitu tunavyoomba. Wazee wa nyumba za Kiswahili wangelikubali jambo hilo bila kuhitaji mwalimu. Leo katika ghorofa la Mtaa wa Sikukuu au wa Narung'ombe milango imefungwa, na mama kijana aweza kukesha na mtoto pasipo mtu wa chumba cha pili wa kuja kugusa paji la uso. Dawa ni bora kuliko za zamani zote, vipimo vipo, hospitali ziko karibu. Kilichopungua ni yule jirani.

Hapo ndipo usharika una kazi. Wazee wa mitaa na akina mama wa vikundi vyetu wanaweza kujua ni nani ana mtoto mchanga katika jengo lipi, na namba ya nani ipigwe usiku. Hilo halihitaji jengo jipya wala mfadhili. Lahitaji mtu anayekubali kuamshwa, ambaye asubuhi ataweza kusema, kama wale wa Kapernaumu, ni saa ngapi homa ilimwacha mtoto. Au ni saa ngapi aliona haishuki, akambeba wakaenda.